Mahali Cheni Inapokaza

Kuna fundi wa baiskeli hapa Kitale, kwenye kona ya barabara inayoshuka sokoni, ambaye huosha cheni kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la rangi lililokatwa. Nikipita pale asubuhi nikienda kazini, harufu ya mafuta ya taa na grisi kuukuu hunipiga puani. Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba harufu za utotoni huwarudishia furaha. Wana bahati yao. Mimi harufu ile hunirudishia wivu, mzimamzima, haujapungua hata chembe, na mara nakuwa tena mtoto wa darasa la nne nimesimama mlangoni mwa jiko kule Bungoma, mikono nyuma, nikiangalia mgongo wa baba. Mgongo, ndiyo. Uso alikuwa amempa mtu mwingine.

Kabla Nelima hajaja, jioni zote zilikuwa zangu. Tuliishi upande wa Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Alikuwa na baiskeli nyeusi, ile ambayo kila boma la wakati ule lilikuwa nayo au lilikuwa likiitamani, nzito, ya keria pana na kengele ya kusukuma kwa kidole gumba. Akifika kwenye posho mili, kinu cha kusagia unga, alipiga kengele, nami niliacha chochote nilichokuwa nikifanya, hata kama ni maziwa yanayokaribia kuchemka, nikakimbia kumpokea. Alinipandisha kwenye mtalimbo, kile chuma cha juu, tukamaliza njia iliyobaki nikiwa katikati ya mikono yake, kidevu chake kikinigonga utosini kila tulipopita shimo. Nyumbani nilimfungua kamba za viatu huku nikimpa habari zote za shule: nani amechapwa, nani ameibiwa kalamu, mwalimu gani amekuja na soksi zisizofanana. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichosema ni “Halafu?” tu, nami nikaendelea. Niliwajua watoto waliokuwa na televisheni kwao, na sikuwaonea wivu hata kidogo. Mimi nilikuwa na “Halafu?” yangu.

Halafu baba mdogo akafa.

Baba mdogo, ndugu pekee wa baba, alikuwa fundi wa baiskeli huku Kitale. Aliugua siku chache tu. Tulikuja mazishini, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba kila mtu alilia isipokuwa baba. Wakati wanawake wakijitupa chini, yeye alikuwa akipanga viti, akitafuta maturubai, akiuliza kama maji ya kupikia yametosha. Niliona, nikaamua moyoni kwamba basi baba hakumpenda sana ndugu yake. Mtoto akishaamua jambo namna hiyo, hata umletee mashahidi hawasikilizi. Baada ya mazishi wazee waliketi, wakasema mjane abaki na wale wadogo, na Nelima, aliyekuwa mkubwa wao, aende kwa baba yake mkubwa Bungoma akasome. Kwetu mtoto wa baba mdogo si binamu. Ni dada yako, na dada hakataliwi. Hata hivyo hakuna aliyeniuliza.

Tulikuwa karibu rika moja, yeye akinizidi kidogo kwa urefu na, kama nilivyoambiwa mapema na mara nyingi, kwa adabu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliingoja hiyo siku ya tatu kwa hamu. Ilipofika, Nelima akalichukua jembe mwenyewe bila kupewa. Aliosha vyombo bila kutumwa. Alikunja blanketi letu pembe kwa pembe. Kitu kimoja tu hakufanya: hakuzungumza. Ukimwuliza jambo alitikisa kichwa au alikiinamisha, basi. Shuleni walidhani ni bubu. Mama alikuwa akimwambia baba, “Huyu mtoto ataugua na hayo maneno ameweka ndani,” naye baba akajibu, “Wacha, mama. Mambo ya matanga hayavutwi.” Mimi nilimshukuru Mungu kimyakimya. Mtu asiyezungumza atanyang'anya jioni ya mtu kwa njia gani?

Lakini kulikuwa na jambo la jina. Nelima alikuwa amepewa jina la nyanya yetu aliyefariki, mama mzazi wa baba, na kwa desturi yetu sisi Wabukusu, aliyepewa jina la mtu huitwa na kuheshimiwa kama mwenye jina. Kwa hiyo baba hakumwita Nelima. Alimwita Mayi, yaani mama. Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha nikapewa jina la mvua, hadithi ikaishia hapo. Sasa niambie, mtoto wa mvua atashindana vipi na mama mzazi wa mtu? Jumapili moja mama alipika kuku. Firigisi kwetu ni ya mwenye boma. Haiguswi, haiombwi, wala haiangaliwi sana. Baba aliichukua, akaikata katikati, akaweka nusu kwenye sahani ya Nelima.

“Kula, Mayi.”

Mimi nilikuwa nimepewa shingo, na ile shingo ilikataa kushuka. Nilikuwa nimekaa na yule mwanamume tangu nizaliwe na sikuwa nimewahi hata kulamba firigisi.

Kilichomfungua mdomo Nelima ni cheni. Jioni moja baba alifika akiisukuma baiskeli kwa mkono, suruali imepakwa grisi, akasema cheni imekuwa ikitoka njia nzima. Aliipindua kando ya jiko, ikakaa juu ya tandiko na usukani, magurudumu juu, akawa anazungusha pedali na kuitazama jinsi karani anavyomtazama ng'ombe mgonjwa. Nelima alikuwa akichambua kunde. Aliweka ungo chini, akaenda akachuchumaa, akagusa cheni kwa kidole kimoja. Kwa mkono wa pili akazungusha pedali polepole. Kisha akasema, kwa sauti nzito ya mtu ambaye hajaitumia sauti yake kwa muda mrefu:

“Hapa imekaza. Hapa imelegea. Gia haiko katikati.”

Baba hakusogea. Alisimama vilevile na kitambaa mkononi, kama mtu aliyeona ndege karibu na hataki aruke.

“Sasa tufanye nini?” akauliza. “Iko na dawa?”

“Iko. Baba alikuwa anagonga.”

Tangu siku ile, baiskeli ambayo haikuwa imewahi kuugua ikawa mgonjwa wa kila wiki. Jioni baba alipita posho mili kengele ikiwa kimya, akaingia uani akiita, “Mayi, hii baisikeri yako imeanza tena,” na Nelima akatoka mbio. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikaona yote. Ile gia kubwa ya mbele, yenye meno, ilikuwa imefungwa kwa nati tatu kwenye mkono wa pedali. Gia ikihama kidogo tu kutoka katikati, pedali ikizunguka cheni huvutika upande mmoja hadi inalia, na upande wa pili inaning'inia kama kamba ya nguo. Ukiiacha hivyo itaruka meno au itakatika ukipanda mlima. Nelima alizilegeza nati, kidogo tu, akazungusha pedali hadi cheni ikakaza, halafu akaigonga kwa kipande cha mpini wa jembe. Pap. Akazungusha tena, akatafuta tena mahali inapokaza, akagonga tena. Aliifanya kazi hiyo amefumba macho, kidole juu ya cheni.

Na alizungumza. Yule bubu wa darasa zima alizungumza mpaka kuku wakapanda kulala. Baba alishika spana kwa upande usiofaa, na Nelima akamwambia, “Siyo hivyo, baba mkubwa. Baba alikuwa anashika hapa chini ndio isiteleze.” Baba alitaka kugonga kwa nguvu, akaambiwa, “Pole pole. Baba alikuwa anasema unaipigia hodi, hauvunji mlango.” Wakacheka wote wawili. Akamwambia jinsi baba mdogo alivyokuwa akiweka nati mdomoni wakati wa kazi, na jinsi siku moja alivyopiga chafya akameza moja. Na baba, baba yangu mimi, akiwa amekaa juu ya jiwe na grisi hadi viwikoni, akasema:

“Halafu?”

Niliingia ndani, nikachukua viatu vyake alivyokuwa amejifungua mwenyewe, nikavitupa chini ya kitanda, kimoja kila upande.

Nilifikiri sana, kwa akili yangu ile. Nikaona mambo yako hivi: baba hajui chochote cha baiskeli, anajua kalamu na mihuri tu. Nelima anajua. Kwa hiyo baba anampenda Nelima kwa sababu ya cheni, na nikijua cheni, atarudi kwangu. Ilikuwa hesabu rahisi, na mpaka leo sioni mtoto gani angepata jibu tofauti. Wakati huohuo mambo yalizidi kuharibika. Siku moja niliisikia vizuri kabisa, “Baba, nishikie hapa,” na ile “mkubwa” ikawa imeanguka njiani. Nilingoja baba amrekebishe. Baba akashika alipoambiwa ashike.

Nilijaribu mara ya kwanza siku ya kazi, baada ya shule, kabla baba hajaondoka ofisini. Wiki ile alikuwa ameiacha baiskeli nyumbani na kwenda kwa miguu, ati cheni haiaminiki. Nelima alikuwa ameenda kisimani. Niliipindua baiskeli kwa taabu, nikazungusha pedali hadi nikaona mahali cheni imelegea, inaning'inia. Nikajiambia, si dawa ya kulegea ni kukaza? Nikalegeza nati za gurudumu la nyuma, nikalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikanyooka, nikakaza. Ilikuwa imenyooka vizuri sana. Halafu nikazungusha pedali. Ilienda nusu mzunguko, ikalia, ikagoma. Nikasukuma kwa mikono miwili, haikwenda mbele wala nyuma. Nikiwa nimening'inia kwenye pedali namna hiyo, wakaingia uani: baba ametoka kazini, amekutana na Nelima njiani, amembebea mtungi.

Nelima aliitazama cheni, akanitazama mimi, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa ajili yangu, na nilikuwa nimeona ni afadhali iendelee hivyo.

“Umekaza mahali imelegea,” akasema. “Si sasa pale ilikuwa imekaza itakufa. Unatafuta kwanza mahali inakaza. Kulegea wacha, kutajileta.”

“Mwonyeshe, Mayi,” baba akasema.

“Sitaki kuonyeshwa,” nikasema, nikaenda zangu. Nyuma yangu nilisikia spana ikigusa nati na sauti ya Nelima ikianza, “Baba alikuwa na mteja mmoja wa Suam, bana, huyo alikuwa anakaza hivyo hivyo...”

Sikwenda mbali. Nilikaa nyuma ya mlango wa jiko na nikasikiliza, jioni ile na nyingine zilizofuata. Kila kitu alichomwambia baba nilikiiba. Nati zilegezwe kiasi gani. Kugonga kuwe juu ya cheni, siyo juu ya gia. Baada ya kila pigo uzungushe mzunguko mzima kabla hujagonga tena, maana mahali pa kukaza huhama. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusoma kwa chuki kama mimi.

Nafasi ilikuja wao waliposafiri. Baba aliamua kumpeleka Nelima Kitale kumwona mama yake, waende Jumamosi warudi Jumapili jioni. Wao wawili. Nilipouliza kama naweza kwenda, baba alisema tutaenda sote Desemba, na nikawaona wakitembea kuelekea barabarani, Nelima amevaa sweta yangu ambayo mama alikuwa amempa bila kuniuliza. Wakapotea. Nikaenda moja kwa moja kwenye baiskeli.

Nilifanya kazi ile hadi jua likawa juu ya kichwa. Nililegeza nati, nikafumba macho, nikaweka kidole. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha nikahisi: cheni ilikuwa ikipanda na kushuka chini ya kidole, ikikaza, ikiachia. Pap. Nikazungusha mzunguko mzima. Pap. Mama alipita na debe la maji akasema, “Wewe, usije ukaharibu kitu ya watu,” sikumjibu. Ilifika wakati nikazungusha, nikazungusha, na kidole kikawa hakina habari ya kunipa. Cheni ilikuwa na mlegeo uleule mwanzo hadi mwisho. Nikazikaza nati, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zangu zote, hadi viganja vikatoka malengelenge. Kisha nikaipandia, mguu mmoja chini ya mtalimbo kama watoto tulivyoendesha, nikazunguka ua. Haikulia hata kidogo. Sijawahi tangu hapo kufaulu jambo lolote na kufurahi kiasi kile. Nilipata cheti baadaye maishani, nikapata kazi, na kote nilisema asante, lakini sikuzunguka ua.

Jumapili jioni walirudi. Nilikuwa nimeisimamisha baiskeli katikati ya ua ionekane. Baba hakuwa hata amekaa chini nikamwambia, “Baba, zungusha.” Ni Nelima aliyezungusha. Aliipindua, akaweka kidole, akafumba macho. Akazungusha mara moja. Akazungusha tena. Akajaribu upande mwingine wa cheni.

“Imepona,” akasema.

“Ni mimi,” nikasema. “Niliitengeneza peke yangu. Uliza mama.”

Nilimtazama baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wake, nilikuwa nimeuota tangu jana. Baba akasema, “Ai. Vizuri sana,” akanigusa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwa Nelima, ambaye alikuwa bado amechuchumaa, mkono juu ya pedali, hana cha kufanya na mkono ule.

Wiki iliyofuata nilipata kila kitu nilichotaka. Baba alipiga kengele kwenye posho mili, nikakimbia, nikapanda mtalimbo. Nilimfungua viatu. Nilimpa habari za shule, nikaongeza na za uongo ziwe tamu. Alisema “Halafu?” mahali panapostahili. Lakini aliisema kama anavyosema amina mtu anayesinzia kanisani, na nikigeuka namwona anaangalia upande wa ghala. Nelima alikuwa akikaa pale nyuma ya ghala, magoti kifuani. Alikuwa amefunga mdomo tena. Siku ya pili hakumaliza chakula, siku ya tatu hakukigusa, na mwalimu wake alituma neno kwamba ameitwa jina darasani akawa kama hasikii. “Amerudi palepale,” mama akasema huku akipakua. “Hata ni mbaya kushinda kwanza.” Nilipaswa kumhurumia, najua. Nilichohisi ni hasira. Nilikuwa nimeshinda kwa haki, kwa mikono yangu, na aliyeshindwa bado ndiye aliyekuwa akitazamwa.

Asubuhi moja mapema, kabla jua halijatoka, mama alinituma nikawashe moto. Nilipozunguka nyuma ya jiko kuchukua kuni nikamwona baba. Amevaa nguo za kazini tayari, suruali amekunja, baiskeli imepinduliwa. Alikuwa na spana mkononi na alikuwa ameishika chini, mahali panapotakiwa. Nati tatu kati ya midomo yake. Sikuwa nimewahi kuona mikono ikienda haraka namna ile. Hakuwa akiangalia hata. Alizungusha pedali, akasikiliza, akagonga gia mara moja kwa kiganja, akazirudisha nati akazikaza. Kisha akaweka kidole juu ya cheni na kuzungusha, na hata mimi niliyekuwa mbali niliisikia: ikikaza, ikiachia, ikikaza.

“Baba, unaiharibu,” nikasema.

Alishtuka. Akaweka spana chini.

“Naiharibu, ndiyo.”

“Nilikuwa nimeitengeneza.”

“Uliitengeneza vizuri. Hata mimi singeitengeneza hivyo. Hiyo ya kwanza ilijiharibu yenyewe, zingine zote ni mimi.” Akafuta mikono kwa nyasi. “Unafikiri nani alifundisha baba yako mdogo kazi? Tulikuwa wawili, kule Bokoli, tunatengeneza baisikeri za watu wa soko. Mimi nikapata ya kuandika, nikawacha. Yeye akaendelea, akanipita.”

Nikamsogelea karibu na baiskeli.

“Sasa mbona ulikuwa unajifanya hujui?”

Baba aliizungusha pedali kwa kidole, taratibu, bila haja.

“Nikimwuliza juu ya baba yake, ananyamaza. Akishika hii cheni, ananiambia. Baba alisema hivi, baba alifanya hivi. Vitu vingine mimi sikujua. Hiyo ya kumeza nati sikujua.” Akaweka tena kidole juu ya cheni. “Na mimi pia nataka kusikia. Alikuwa ndugu yangu.”

Wakati ule ndipo nilipoona uso wake, nikaelewa kwamba yale maturubai na viti vya mazishini havikuwa nilivyodhani. Ningependa kuandika kwamba niliposikia hayo wivu uliniisha. Haukuisha. Ulibadilika tu ukawa mkubwa zaidi, kwa sababu sasa nilijua kwamba hakumpenda Nelima kwa sababu ya cheni. Kwangu baba alikuwa amefanya mengi: alininunulia viatu, alinibeba nikiwa na malaria hadi hospitali. Lakini hakuwa amewahi kuharibu kitu chake mwenyewe, usiku na mchana, na kujifanya mjinga mbele ya watoto, kwa ajili yangu.

“Na mimi je?” nikauliza.

“Wewe uko na mimi,” baba akasema. “Yeye ako na cheni tu.”

Hakuniambia nisiseme. Aliinuka, akairudisha baiskeli juu ya magurudumu, akaniangalia mara moja, akaenda kazini. Mimi nikachukua kuni.

Jioni alifika akiisukuma kwa mkono. Nilikuwa nikimenya viazi, mama akikoroga mboga. “Mayi,” baba akaita, na akaisimamisha uani. “Njoo uone. Hii baisikeri imeanza tena.”

Nelima alitoka nyuma ya ghala polepole, kama mtu anayeogopa kuamini. Walisaidiana kuipindua. Akachuchumaa, akaweka kidole, akazungusha. Niliona mabega yake yakishuka, yakipumua.

“Inakaza hapa,” akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza wiki nzima. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho. “Na si ulisema umetengeneza?”

Mama akaacha kukoroga. Baba alikuwa akiangalia chini, anatafuta kitu kwenye vumbi ambacho hakikuwepo.

“Labda hukukaza nati,” Nelima akasema. Hakuwa akinicheka. Alikuwa ananionea huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Usipozikaza vizuri gia inarudi. Ulizikaza?”

Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kukauka viganjani mwangu. Ningeweza kuvifungua tu, avione, na hayo mengine yote yangeanguka yenyewe. Nilifunga mikono. Nikaangalia ile baiskeli, kitu pekee nilichowahi kufanya vizuri kumshinda.

“Sikukaza,” nikasema.

“Nilijua,” akasema Nelima. “Si kitu. Njoo nikuonyeshe.”

Nikaenda. Alinisogezea nafasi, nikachuchumaa kati yake na gurudumu, na nikafundishwa kitu nilichokijua. Aliushika mkono wangu, akakiweka kidole changu juu ya cheni, akaniambia nifumbe macho. “Baba alikuwa anasema macho yanadanganya,” akasema. “Alikuwa anasema ngoja cheni ikwambie yenyewe. Siku moja alinifunga kitambaa hapa, mbele ya wateja, bana, halafu...”

Nilifungua jicho moja nione kama baba ananitazama. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinama kumwelekea Nelima, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayeogopa kupitwa na neno.